Ule ubaridi wa mgodini hautoki kwenye chumvi

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Tabata, nalifupisha: "Shikamoo injinia. Mwaka jana nilikuwa Poland kwa kozi ya miezi mitatu, wikiendi moja wakatupeleka kwenye mgodi wa chumvi wa Wieliczka. Aisee kule chini nilipumua vizuri, sikutoka jasho hata tone. Mama yangu ana pumu na nyumba yetu ina joto balaa. Kuna fundi anasema anaweza kunijengea chumba cha matofali ya chumvi ya pinki, eti chumvi inavuta joto na unyevu, nitapata hewa ileile ya mgodini bila AC. Ni kweli? Af wachimbaji wenyewe wa chumvi huko chini wanajisikiaje, si wanakufa kwa joto?"

Marahaba dada yangu. Kama hujampa huyo fundi advansi usimpe kwanza, soma hii yote ndo uamue, na kama ushampa basi soma haraka.

Nijitambulishe kidogo maana mtandaoni kila mtu injinia. Nimefanya kazi ya hewa migodini, yani ventilesheni, miaka kumi na kitu, mingi Kanda ya Ziwa kwenye dhahabu. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha feni zinasukuma hewa mpaka kule mwisho kabisa ambako mtu anachoronga mwamba, na kutembea na vipimo mkononi kutwa nzima. Chumvi sijawahi kuchimba ila niliwahi kupelekwa mafunzo Ujerumani wakatushusha kwenye mgodi wa potashi, ambayo ni ndugu yake chumvi, zinakaa kwenye matabaka yaleyale, nitakusimulia mbele. Sahivi niko Mbezi, nafunga AC na kushauri wenye maghala, kwahiyo joto la shimoni nalijua na joto la Dar nalijua.

Fundi wako hajadanganya kila kitu, na hapo ndo pagumu. Chumvi kuvuta unyevu ni kweli. Kuvuta joto hapana. Na huo unyevu wenyewe inauvuta halafu inakurudishia.

Ushahidi unao jikoni. Amka saa kumi na moja alfajiri mwezi wa nne, shika kikopo cha chumvi. Kinanata. Ukikitikisa haitoki kitu, ndo maana watu wanatia punje za mchele mle ndani, na mama lishe wengi hata hawahangaiki, wanaweka chumvi kwenye bakuli wanachota na kijiko. Rudi saa nane mchana siku yenye jua, ileile chumvi imekauka lakini sasa imekuwa mabonge, inabidi uigonge. Hicho kinachotokea kwenye kikopo ndo hichohicho kinachotokea kwenye mgodi mzima wa chumvi, tofauti ni ukubwa tu.

Iko hivi. Chumvi safi ya kula ina mstari wake, asilimia 75 ya unyevu, yani hewa imebeba robo tatu ya maji yote inayoweza kubeba kwenye joto hilo. Hewa ikizidi hapo chumvi inaanza kunywa maji toka hewani, inalowa, inayeyuka juujuu. Hewa ikishuka chini ya hapo yale maji yanarudi hewani na chumvi inaganda upya, sasa punje zilizolowana usiku zikiganda zinashikana, ndo bonge lako hilo. Na huu mstari hauyumbi kirahisi, uwe kwenye nyuzi 15 au nyuzi 30 ni palepale kwenye 75, mpaka watu wa maabara wanautumia kukagulia vipimo vya unyevu. Ile chumvi ya mawe ya mashamba ya pwani, ya Kunduchi, Bagamoyo huko, inalowa mapema zaidi kwasababu ina kloridi ya magnesi ndani na hiyo inaanza kunywa maji hewa ikiwa asilimia 33 tu, sasa Dar hii lini utaona asilimia 33? Ndo maana gunia lake siku zote lina maji chini.

Sasa chukua huo mstari upeleke mgodini, ambako ukuta ni chumvi, dari chumvi, sakafu chumvi. Hewa ya nje ikiingia na unyevu wa 85, kuta zinaanza kuinywa, inavyozidi kutembea kwenda ndani inashuka mpaka 75 au chini yake. Halafu mwamba wa chumvi hauchuruziki maji kama mwamba wa dhahabu, maji yangekuwa yanapita pale mgodi wenyewe usingekuwepo, ungeshayeyuka zamani. Kwahiyo ukienda mbali na shimo la kuingilia unakuta sehemu kavu kabisa. Ila karibu na pale hewa inapoingia, wakati wa kiangazi cha Ulaya au Marekani hewa ya nje ikiwa na mvuke mwingi, sakafu inateleza, dari inadondosha maji ya chumvi, na watu wa migodi hiyo wanajua miezi ile ndo ya kuangalia dari vizuri maana chumvi inayolowa na kukauka kila mwaka inalegea, inabanduka. Majira ya baridi mambo yanageuka, hewa inayoingia ni kavu na kuta zinakauka.

Lakini dada we umeniambia ngozi yako haikutoa jasho, na hapo sasa tuache asilimia maana asilimia zinadanganya watu sana. Kule ulikokuwa ni kama nyuzi 14 mpaka 18 kutegemea umesimama wapi. Tuseme nyuzi 15 na unyevu asilimia 70. Na Dar Februari mchana, siku mbaya, nyuzi 32 na unyevu asilimia 70. Asilimia ni zilezile, si ndio? Sasa pima maji yenyewe kwa gramu. Kwenye boksi la hewa la mita moja kwa mita moja kwa mita moja, kule Wieliczka kuna gramu kama 9 za maji. Dar kuna gramu 24 hivi. Hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko ya baridi, kwahiyo 70 ya huku na 70 ya kule ni vitu viwili tofauti. Ngozi yako ina nyuzi kama 33 mpaka 35, na jasho linakauka kwa kulinganisha maji yaliyo kwenye ngozi na maji yaliyo hewani, ngozi haisomi asilimia. Kule jasho lilikuwa linakauka kabla hujalijua. Huku linakaa.

Na ubaridi je? Hapo ndo chumvi haihusiki kabisa. Mwamba chini ya ardhi, ukishavuka mita kumi, kumi na tano hivi, haujui masika wala kiangazi, unakaa kwenye joto la wastani la mwaka mzima la huko juu. Halafu kila kilomita unayoshuka unaongeza nyuzi 25 mpaka 30, kwenye chumvi inakuwa pungufu kidogo kwasababu chumvi inapitisha joto haraka kuliko miamba mingi. Hebu tupige hesabu pamoja, ni ya darasa la saba tu. Eneo la Kraków wastani wa mwaka ni nyuzi 8 na ushee. Njia ya watalii Wieliczka inashuka mpaka mita 135, ongeza nyuzi 3 au 4, unapata 12, weka taa na watu maelfu wanaopumua, 14 hiyo. Nenda Hutchinson, Kansas, Marekani, kuna mgodi wa chumvi mita 198 chini, huko juu wastani ni kama 13, ongeza 5 na joto la shughuli, na kweli wana nyuzi 20 mwaka mzima, hewa kavu kiasi kwamba kampuni imekodi sehemu ya mashimo ya zamani inahifadhi mafilamu na makaratasi ya watu. Colombia kuna kanisa ndani ya mgodi wa chumvi, Zipaquirá, wako karibu na ikweta kuliko hata sisi, na ndani ni kama nyuzi 14. Kwanini? Kwasababu mji wenyewe uko mita 2,650 juu ya usawa wa bahari, juu huko kuna baridi kama Makete. Halafu Boulby, Uingereza, wanachimba mita zaidi ya 1,100 chini na wamepita mpaka chini ya bahari ya Kaskazini, huko juu wastani ni 9, weka 30 za kushuka, unafika nyuzi 40, na ndivyo mwamba wao ulivyo.

Sasa fanya hesabu hiyohiyo kwa Tabata. Wastani wa Dar ni nyuzi 26. Ukichimba mita 135 utakuta nyuzi 29 au 30, chumvi iwepo isiwepo. Kama huniamini muulize jirani mwenye kisima kirefu, maji yakitoka alfajiri yana uvuguvugu, hakuna mtu Dar anaoga maji ya kisima kirefu akatetemeka. Na chumvi ya chini ya ardhi tunayo hapa nchini, bonde la Mandawa upande wa Kilwa na Lindi visima vya kutafuta mafuta viliikuta huko chini, ila siku wakichimba mgodi pale usitegemee ubaridi wa Poland. (Uvinza nao wanaitwa mgodi wa chumvi ila kule ni maji ya chumvi yanayotoka ardhini halafu yanakaushwa, huingii ndani ya mwamba.) We uliingia kwenye friji ya Ulaya, dada, kuta zake tu ndo zilikuwa za chumvi.

Wachimbaji sasa, hili ndo eneo langu nitakaa hapa kidogo.

Mgodi wa watalii na mgodi wa kazi ni vitu viwili. Kwenye mgodi wa kazi joto halitoki kwenye mwamba tu. Hewa yenyewe ikishuka inajibana kwa uzito wake, kama vile pampu ya baiskeli inavyopata moto ukipiga upepo, kila mita 100 inaongezeka karibu nyuzi moja, kwahiyo mgodi wa kilomita moja hewa inafika chini imeongezeka nyuzi kumi kabla haijagusa chochote. Af mashine. Kila lita ya dizeli inayochomwa ni kama uniti 10 za umeme zimeachwa mle ndani kama joto, yote, hata ile nguvu iliyosukuma gari mwisho wake ni joto, na juu yake karibu lita nzima ya maji inatoka kwenye ekzosti kama mvuke. Pigia hesabu mashine nane zinazokula dizeli zamu nzima. Mgodi wa kina kirefu bila feni kubwa na mitambo ya kupooza hewa, watu hawakai.

Mle Ujerumani walipotushusha, kipimajoto kilisoma 40. Nilisema leo nakufa. Wenyeji wamevaa kaptula na vesti, wana chupa kubwa za maji, wanapiga stori. Nikakaa nusu saa nikasubiri lile jasho la kumwagika ninalolijua, halikuja, nikajipangusa mkono nikaona unga mweupe. Nikadhani ni vumbi la chumvi toka ukutani, kumbe nusu yake ni chumvi yangu mwenyewe, jasho lilikuwa linatoka na kukauka hapohapo linaniachia chumvi. Midomo ilipasuka siku mbili baadae lakini kichwa hakikuuma. Unyevu ulikuwa asilimia 20 hivi.

Linganisha na hii. Mgodi mmoja wa dhahabu, siutaji, feni ya pembeni ilizima usiku na aliyekuwa zamu hakutoa taarifa, asubuhi nikaingia na watu wawili kupima. Kipimajoto kilisoma 30 tu. Thelathini, dada, hiyo ni ya kawaida kabisa barazani kwako. Lakini kuta zinachuruzika maji, unyevu 95, nguo zimelowa ndani ya dakika tano, na yule kijana tuliyekuwa naye, mwenye mwili wa kubeba magunia, akaanza kujibu maswali kwa kuchelewa. Unamuuliza jina la msimamizi wake anafikiria. Tukamtoa mbio. Nyuzi 40 za Ujerumani hazikunifanya kitu na nyuzi 30 za nyumbani nusura zimuue mtu.

Ndo maana sisi watu wa hewa hatuamini kipimajoto kimoja. Tunabeba viwili vimefungwa pamoja, kimoja kikavu, kingine kimevishwa kitambaa kibichi kwenye ncha, unavizungusha hewani kama mtoto anavyozungusha kamba. Maji ya kile kitambaa yakikauka yanapooza kipimajoto, kama jasho linavyokupooza, kwahiyo namba ya kitambaa ndo inakwambia jasho lako lina uwezo gani pale ulipo. Ule mgodi wa Ujerumani, nyuzi 40 kavu, kitambaa kilikuwa 22 na kitu. Ule wa dhahabu, 30 kavu, kitambaa 29. Umeona sasa? Mtu anayefanya kazi ngumu mwili wake unazalisha joto kama wati 400 mpaka 500, na lita moja ya jasho ikikauka yote ndani ya saa inaondoa kama wati 670, kwahiyo jasho linatosha, ilimradi likauke. Likidondoka chini halijafanya kazi yoyote, umepoteza maji bure.

Wajerumani wana kanuni ya hali ya hewa migodini, ya mwaka 1983, na migodi ya chumvi wameiwekea fungu lake. Kwenye chumvi mtu anaruhusiwa kufanya kazi, kwa masaa yaliyopunguzwa na mapumziko, mpaka kipimajoto kikavu kisome 52, ila kile cha kitambaa kisizidi 27. Nilivyosoma mara ya kwanza nikapiga hesabu ya Kariakoo Februari saa nane mchana, nyuzi 32 na unyevu 70, kitambaa kinasoma 27 na nusu. Kwa kanuni hiyo siku kama hiyo wapagazi wote pale Msimbazi wangepelekwa nyumbani.

Turudi kwa fundi. Unyevu wa Dar usiku unapita 75 karibu kila siku, alfajiri unaenda 85, 90, mchana unashuka 60 na kitu. Maana yake matofali yako ya chumvi yatakuwa yanafanya alichofanya kikopo cha jikoni, usiku yanalowa, mchana yanakauka na kukurudishia yale maji chumbani, saa ambayo mama ndo anahisi joto zaidi. Masika ndo hayatakauka, yatatoa jasho kama mtu, sakafu itakuwa na maji ya chumvi. Na hayo maji yakiingia kwenye tofali la simenti yanapukutisha plasta, yakifika kwenye nondo unaijua kutu ya pwani, huhitaji kuelezwa, mtu wa Dar anajua nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa bahari inaishaje.

Hata hukohuko Wieliczka wameteseka na hili, watu hawajui. Mgodi ule uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1978, halafu mwaka 1989 ukawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini kwasababu ya unyevu. Mwisho wa karne ya 19 walianza kusukuma hewa ya nje kwa mashine, hewa ya kiangazi ikawa inaingia na maji yake, yale masanamu waliyochonga kwenye chumvi yakaanza kupoteza sura, pua zinalainika, maandishi yanafutika. Ikabidi wakaushe hewa kabla haijafika kwenye vyumba vyenye sanamu, na mwaka 1998 ndo wakatolewa kwenye hiyo orodha. Kwahiyo ile hewa uliyoisifia haiachiwi kuta peke yake, kuna mitambo nyuma inafanya kazi, we uliona taa tu za kanisa la Mtakatifu Kinga.

Sasa tuseme bado unakitaka hicho chumba, labda kwa biashara, mi sikukatazi, watu wanapenda kukaa kwenye taa za pinki. Hesabu yake ni hii. Chumba cha mita 4 kwa 3, dari mita 2.8, ukikijaza hewa ya Dar ya usiku kinakuwa na maji kama gramu 700 hewani. Ili chumvi ikae kavu na mtu ajisikie vizuri, tuseme nyuzi 24 na unyevu 55, inatakiwa zibaki gramu 400. Kutoa hizo 300 mara ya kwanza ni kazi ndogo. Kazi ni kwamba hewa ya nje inapenya mlangoni na madirishani, hata chumba kizuri kinabadilisha labda nusu ya hewa yake kila saa, hapo ni lita tatu na nusu za maji kwa siku, na kila mtu aliyekaa humo anatoa kama gramu 50 kwa saa kwa kupumua na ngozi. Umeshaona ndoo inayowekwa chini ya bomba la AC inavyojaa? Ni hayo. AC ndo itakuwa imekausha chumba na AC ndo itakuwa imepooza chumba, chumvi itakuwa imekaa pale kama pambo, tena pambo la bei, na umeme ukikatika masaa sita usiku wa masika pambo linaanza kulia. Usitumie AC kubwa kupita kiasi pia, AC kubwa inapooza haraka inazima kabla haijakausha, unabaki na chumba baridi chenye umajimaji, ambacho ni kibaya kuliko vyote, ukungu unapenda hapo.

Kwa mama mwenye pumu. Kuna watu Ulaya wanawapeleka wagonjwa wa kifua kwenye migodi ya chumvi tangu karne ya 19, Wieliczka wana kituo chao na Khewra kule Pakistan nao wana wodi ya pumu ndani ya mgodi. Wagonjwa wengi wanasema wanapata nafuu, na mi sioni ajabu, mle ndani hakuna vumbi la barabarani, hakuna moshi wa mkaa, hakuna chavua, hakuna wale wadudu wadogo wa kwenye godoro ambao wanapenda unyevu. Ila ushahidi kwamba chumvi yenyewe ndo inatibu bado haujatosha, na vumbi la chumvi linaweza kumbana mtu mwenye pumu badala ya kumsaidia. Kwahiyo pampu yake asiache hata siku moja, na habari ya chumvi mwongee na daktari wake kwanza. Ila mi kwa upande wangu wa hewa naweza kukwambia hivi, ukishusha unyevu wa chumba chake cha kulala uwe 50 mpaka 55, ukahamisha jiko la mkaa mbali na dirisha lake, godoro ukalianika juani kila wiki, utakuwa umempa sehemu kubwa ya kile mgodi unachotoa, bila tofali hata moja.

Kabla hujanunua chochote tafuta kipimo cha unyevu, vile vidogo vya kuweka mezani kama saa, vipo Kariakoo. Usikiamini kikitoka dukani. Chukua kifuniko cha chupa ya soda, jaza chumvi ya kula, dondoshea matone machache ya maji mpaka iwe kama mchanga mbichi, isiwe supu. Weka kifuniko hicho na kipimo ndani ya kopo la plastiki lenye mfuniko unaobana, acha usiku kucha sehemu isiyopigwa jua. Asubuhi usome bila kufungua. Lazima kiseme 75, maana ndo ule mstari wa chumvi, kipimo changu cha kwanza kilisema 83, nikabandika karatasi nyuma nimeandika "toa 8" na mpaka leo natumia hivyo. Ukishamaliza hapo kiweke chumbani kwa mama siku tatu, andika namba ya alfajiri na namba ya saa nane mchana, na nyuzi zake, nitumie pamoja na urefu, upana na madirisha mangapi, nikupigie hesabu ya AC inayotosha.